Ukuta Uliokataa Kushikika

Hiki ni kisa ambacho hakuna atakayekiamini, na asiyeamini asibembelezwe, aachwe aende zake akaamini mambo mepesi. Ni kisa cha mwanaume aliyejenga mlima ndani ya nyumba yake. Hakuujenga uani wala juu ya paa. Aliujenga chini, kwenye chumba cha zege kisicho na dirisha hata moja, na mlima wenyewe nusura umkatishe mkewe tamaa kabisa, kwa sababu moja tu: ulikuwa mzuri kupita kiasi. Mjomba wake, ambaye ndiye anayesimulia hapa, aliyaona yote kwa macho yake mawili, na katika ukoo mzima hakuna macho yanayoona kama hayo.

Mwanaume huyo ni seremala, na watu wote humwita Msasa. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini limelala kwenye vyeti na hakuna anayeliamsha. Msasa, kwa wale ambao hawajawahi kuchafua mikono kwa kazi, ni ile karatasi yenye chenga inayolainisha mbao, na mpwa huyu wa Mjomba hajaiweka chini tangu siku ya kwanza alipoishika.

Kosa si lake. Alifundishwa na fundi mmoja mkali, mwenye kidevu kama patasi, ambaye hakuwa na maneno mengi ila alikuwa na kitambaa cha hariri. Kazi ikiisha, iwe kiti, iwe kabati, iwe mpini wa nyundo, fundi yule aliweka kitambaa chake juu yake na kukivuta taratibu. Kikiteleza kama maji, kazi imepita. Kikikwama hata kwa uzi mmoja, rudia. Msasa alirudia miguu ya meza mpaka ikabaki myembamba kama ya korongo. Lakini siku fundi wake alipozeeka na kuacha kazi, wanafunzi wengine walipewa randa na misumeno, yeye akakabidhiwa kile kitambaa. Alikipokea kwa mikono miwili. Tangu hapo kinakaa kwenye mfuko wake wa shati, upande wa moyo.

Karakana yake imebanwa kati ya wachomeleaji na mziba pancha, na ndiyo karakana pekee katika mtaa ule ambako wateja wakiingia tu wanaanza kupapasa samani kama watu waliopotelewa na miwani. Mjomba amewahi kumwona nzi akitua kwenye meza ya Msasa, akateleza, akaangukia upande wa pili na kuondoka akichechemea. Na nyumbani hali ni hiyo hiyo. Fremu za madirisha, mpini wa ufagio, kigoda cha bafuni, vyote vimesuguliwa. Mgeni akikaa muda mrefu bila kujitikisa, anaweza kuondoka na yeye amelainishwa.

Mkewe ni kinyume chake. Yeye kazi yake ni kuning'inia. Anasafisha vioo vya majengo marefu, amefungwa mikanda na kamba, ndoo ubavuni, miguu imekanyaga ukuta kana kwamba ukuta ndio sakafu na dunia nzima imekosea. Wenzake kazini walimbandika jina la Mjusi, naye akalipenda kuliko yote aliyowahi kuitwa. Hata mumewe humwita hivyo, tena kwa sauti ambayo wengine huitumia kusema “malkia”.

Walikutana kwa sababu ya ubao. Mjusi alikuja karakana kutaka achongewe kibao cha kukalia, kile kinachofungwa kamba pande mbili, msafishaji akakaa angani kama yuko bembeani. Ni kazi ya asubuhi moja. Msasa akaivuta ikawa kazi ya wiki na wiki. Kila binti akija anaambiwa bado kidogo, kuna pembe moja haijaniridhisha. Akija tena, pembe ni nyingine. Mwishowe Mjomba ndiye aliyemvuta mpwa wake sikio na kumwambia kwamba kile kibao kimeshaiva zamani, kinachotakiwa sasa ni posa. Ndoa ile, kwa hiyo, ni kazi ya Mjomba, ingawa watu wana tabia ya kusahau kumshukuru.

Walipendana vizuri. Kila jioni Mjusi alirudi na habari za huko juu: meneja anayelala chini ya meza yake, karani anayefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo, mpishi anayewalisha njiwa kwenye paa akidhani haonekani. Msasa alisikiliza huku anasugua kitu fulani magotini pake. Yeye hajawahi kwenda juu kuliko kiti, lakini kwa masimulizi ya mkewe alikuwa ameuona mji mzima.

Halafu siku moja ukaja upepo. Kamba haikukatika, kibao hakikukatika, hakuna aliyefanya uzembe. Upepo tu ulimnyakua Mjusi kutoka kwenye kioo, ukamzungusha, ukambamiza kwenye kona ya jengo. Bega likavunjika.

Alifungwa plasta, akafunguliwa, akafanyishwa mazoezi, mfupa ukaunga. Kilichokataa kuunga ni kitu kingine ambacho hakionekani kwenye picha za hospitali. Mjusi, aliyekuwa anakula maandazi yake angani miguu inaning'inia, sasa alishindwa kupanda kigoda kubadilisha taa. Akiinua mikono juu ya kichwa, jasho la baridi linamtoka. Kopo la sukari likiwa rafu ya juu, anaita mtu. Na jioni hakuwa na cha kusimulia. Nyumba ikawa na ukimya ambao hata msasa haukuweza kuulainisha.

Msimamizi wake kazini, mama mwenye utu, alimwekea nafasi yake. Alimweleza kwamba mvua zikiisha vikosi vya kamba vitapangwa upya, na siku hiyo Mjusi atatakiwa apande na kushuka ukuta wa majaribio mbele ya wenzake. Akiweza, kamba yake inamngoja. Asipoweza, ipo meza ofisini na simu ya kupokea, kazi safi, hakuna upepo. Ilikuwa mara ya kwanza neno “meza” kutamkwa kwa huzuni katika nyumba ya seremala.

Basi dada wa hospitali aliyekuwa anamfanyisha mazoezi ya bega akatoa ushauri. Mkono uko tayari, alisema. Sasa unatakiwa ujifunze upya kubeba mwili, taratibu, karibu na sakafu, kwenye ukuta wenye vishikio, chini pametandikwa godoro. Akauliza kama mjini kuna mahali pa kupandia. Hapakuwa na mahali, maana ule ukuta wa majaribio kazini hauna vishikio wala godoro. Mjusi akashukuru, akaaga, akatoka na uso umeanguka. Msasa akabaki nyuma kidogo, macho yake yameganda kwenye ukuta wa kile chumba cha mazoezi, na mtu anayemjua angeona kwamba tayari alikuwa anaupima.

Sasa nyumba yao imekaa kwenye mteremko, na aliyeijenga zamani alichimba chumba chini yake: kuta za zege, sakafu ya zege, dari ya zege. Familia inakiita Shimoni. Mlikuwa na friji iliyokufa, makopo ya rangi yaliyokauka, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na magodoro ya mama mkwe, ambayo alikataza yasitupwe maana aliolewa nayo. Mama mkwe mwenyewe alikuwa amehamia pale kumuuguza binti yake. Ni mama wa maneno machache yenye makali pande zote, na alipomwona mkwewe anatoa friji Shimoni akataka kujua kulikoni. Akaelezwa.

“Mwanangu ameanguka ukutani, na wewe unamletea ukuta nyumbani,” alisema. “Angeumwa na nyoka ungemfugia?”

Msasa akajibu, kwa adabu zote, kwamba ndiyo Mama, kama daktari angesema. Mama mkwe akaondoka bila kuongeza neno, ishara ya hatari katika familia ile.

Kazi ikaanza. Mjomba alikuja na drili yake, ambayo ni nzuri kuliko drili zote ila haiwaki mpaka ipigwe kofi. Zege la zamani lile lilikuwa gumu kama roho ya mwenye nyumba. Vumbi likajaa mpaka wanaume wawili wakafanana na mizimu. Mjomba akatoa darasa kwamba fundi wa kweli hagusi nondo zilizolala ndani ya zege, anazisikia kwa kugonga na kutega sikio. Akagonga, akatega sikio, akasema hapa ni salama. Drili ikazama kidogo, ikapiga nondo, ikapiga yowe, ncha ikakatika. Mjomba akaeleza kwamba alikuwa anahakikisha nondo ipo. Msasa akaokota kipande cha ncha, akakifuta vumbi, akasema asante Mjomba, sasa tunajua. Kijana ana moyo huyo.

Kuta zile zilikuwa zinatoka jasho wakati wa mvua, kwa hiyo Msasa hakuzipachika mbao moja kwa moja. Alifunga kwanza boriti kwa bolti nene zilizozama kwenye zege, akaacha nafasi ya hewa nyuma, ndipo akapigilia plaiwudi ya unene wa kidole gumba. Chumba chenyewe si kirefu kwenda juu, mtu akiruka anagusa dari. Basi mlima wake akaulaza. Mpandaji aanze mlangoni, azunguke chumba kizima kwa kwenda pembeni bila kukanyaga sakafu, na kwenye ukuta wa mwisho mbao zikaegemea mbele, zikapanda, zikashika dari, ili pale mtu aning'inie kweli kweli, mgongo ukitazama godoro.

Halafu vikaja vishikio, na hapo ndipo pa kutulia msikilize. Msasa alivichonga mwenyewe kutoka mabaki ya mbao ngumu, kimoja kimoja, karakana nzima ikiwa imefungwa wateja wakigonga. Kimoja umbo la figo, kingine sikio, kingine mgongo wa kobe, kingine ngumi iliyokunjwa nusu. Akapiga tupa, akapiga msasa mkavu, akapiga msasa mlaini, akapaka vanishi, akasugua, akapaka tena. Kila kimoja akakipitishia kitambaa cha hariri. Kilichokwamisha uzi kikarudishwa. Vilivyopita akavifunga ukutani kwa bolti, na alipowasha taa ya Shimoni, ukuta ule uling'aa mpaka Mjomba akachana nywele zake mbele yake.

Wote walishuka kuutazama. Mama mkwe alisimama mlangoni, akapandisha miwani, akasema itakuwa dhambi kuukanyaga. Mjusi akasogea karibu. Alipitisha kiganja kwenye kishikio kimoja, halafu kingine, akawa anavitaja kwa sauti ya chini, figo, sikio, kobe, na machozi yanamshuka. Alimshika mumewe mkono ule wenye mabaka ya vanishi akaubusu mbele ya mama yake na mbele ya Mjomba, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile mchana kweupe.

Asubuhi ya Jumamosi magodoro yakatandikwa, mama mkwe akainua kidevu kuonyesha kwamba yanatumika bila idhini yake, na Mjusi akavua viatu. Akashika figo kwa mkono mmoja, kobe kwa mwingine, akaweka mguu. Mguu ukateleza. Akacheka kidogo, akaweka tena, akajivuta. Vidole vikaserereka kama vimeshika samaki, akakaa kitako kwenye godoro. Akarudi. Safari hii hata magoti hayakuacha sakafu vizuri. Msasa alikuwa anamwambia taratibu, usiharakishe, jaribu kile pale, na Mjusi alijaribu kile pale, na kile pale, na kila kimoja kilimwachia kwa upole, kama mtu mwenye adabu anayekataa kupeana mkono.

Mwishowe akaketi akavitazama viganja vyake, kimoja kimoja.

“Mikono imekufa,” alisema.

Msasa akaanza kusema kwamba ni siku ya kwanza tu. Mkewe akamwambia, bila hasira, kwamba asante, ameona, sasa inatosha. Akapanda ngazi kwenda juu, na mchana huohuo akampigia simu msimamizi wake kumwambia asimpangie kamba. Ataichukua meza.

Msasa akaenda karakana akasimama mbele ya kazi za watu bila kushika chombo. Hata Mjomba alinyamaza, na waliokuwepo watathibitisha kwamba hilo ni nadra kuliko kupatwa kwa jua. Kilichomuuma mpwa wake kilikuwa wazi. Alikuwa amemjengea mkewe mlango wa kurudia kwenye maisha yake, na mkewe akaugonga ukagoma, sasa ataishi akiamini kwamba mwili wake ndio uliomsaliti. Heri asingejenga.

Kesho yake asubuhi mama mkwe akatangaza kwamba kama ukuta haupandwi, magodoro yake yarudi mahali pake. Akashuka Shimoni mwenyewe kusimamia, Msasa na Mjomba nyuma yake kama wapagazi. Mama akainama kukunja shuka lililotandikwa juu. Kuinama kulikwenda vizuri. Kuinuka kukawa kazi, kwa hiyo akanyoosha mkono akashika kishikio cha karibu ajivute, kile cha umbo la sikio. Sikio likamponyoka. Mama mkwe akarudi kwenye godoro kwa kishindo, miguu imenyooka mbele yake kama ya mwanasesere. Akakusanya heshima yake, akashika tena, akaponyoka tena.

Akageuka polepole.

“Baba, hiki ni kishikio au kipande cha sabuni?”

Msasa alipita juu ya magodoro akakishika kile kishikio kwa mkono unaobeba mbao peke yake kutoka barabarani mpaka ndani. Akainua miguu. Akashuka chini, akaketi kando ya mama mkwe wake. Akainuka, akajaribu kobe, akaketi tena. Mjomba naye akajaribu, kwa ajili ya utafiti, akaning'inia muda mrefu kuliko wote, ingawa bahati mbaya wenzake wote walikuwa wanatazama kwingine. Kisha Msasa akatoa kitambaa cha hariri mfukoni, akakitandika juu ya lile figo. Hakukivuta. Kitambaa kikaondoka chenyewe, kikateleza, kikashuka sakafuni na kutulia. Msasa akakitazama pale chini kama mtu anayemtazama rafiki wa miaka mingi baada ya kugundua kuwa ndiye anayemsengenya.

Alipanda ngazi mbili mbili. Mjusi alikuwa jikoni anaosha vikombe.

“Mikono yako ni mizima,” Msasa alimwambia. “Iliyokosea ni mikono yangu.”

Mjusi akadhani anafarijiwa tu. Akatabasamu kwa huruma, akasema ameshapiga simu, wala hana kinyongo. Msasa, ambaye hajui kubishana, akamwambia jambo pekee lililomjia kichwani: kwamba mama yake ameanguka mara mbili kule chini, na ukuta ndio uliomwangusha. Vikombe vikaachwa kwenye sinki. Mjusi akashuka mbio akamkuta mama yake mzima, anasukwasukwa na Mjomba anayejaribu kumwinua. Msasa akamwomba mama mkwe, kwa heshima zote, amwonyeshe binti yake ilivyokuwa. Mama mkwe akasema yeye si mchezaji wa sarakasi. Lakini akamtazama mwanawe usoni, akaona alichoona, akajitengeneza kitambaa cha kichwani, akalishika lile sikio kwa vidole vyote, akajivuta, na akaserereka mpaka chini taratibu, uso mzito kama wa hakimu.

Mjusi akacheka. Alicheka mpaka akajishikilia mlangoni, tangu siku ya upepo hajacheka hivyo, na mama yake, bado yuko chini, akainua mikono juu akasema tu, “Ahsante, Mola.” Kisha Mjusi akampigia tena msimamizi. Mama yule mwenye utu akamwambia kwamba meza haina haraka, imeota miguu minne na haiendi popote.

Ikabaki kazi ya kuharibu. Mjomba alijitolea kwa moyo mmoja, akaja na shoka, akanyang'anywa. Msasa akafungua vishikio vyote, akavipanga kwenye benchi, akachukua tupa yenye meno makubwa, akashindwa. Mkono ulikwenda mpaka kwenye ile vanishi ukasita. Alijilazimisha akakwaruza mara moja, mkwaruzo mrefu mbaya, na kabla hajajitambua akawa amechukua karatasi ya msasa na kuanza kuulainisha ule mkwaruzo. Mjusi akaiondoa ile karatasi vidoleni mwake bila kumkemea, kama unavyomwondolea kisu mtu aliyelala. Akachukua tupa yeye, akakwaruza cha kwanza, akamrudishia. Kuanzia hapo wakafanya kazi pamoja, Mjusi anafumba macho, anashika kishikio, anasema hapa kidole kinataka ukingo, hapa pachimbe, hapa pakwaruze bila huruma. Na Msasa anakwaruza, anaguna kama anang'olewa jino. Juu wakapaka gundi na mchanga uliochekechwa.

Na kila kishikio kilipokauka kikapimwa kwa kitambaa kilekile, ila sasa sheria ilipinduliwa. Kitambaa kikiteleza, rudia. Kikinasa na kuning'inia, kimepita. Kilinasa mara nyingi, na kila kilipobanduliwa kilitoka na uzi mmoja pungufu. Mjusi alimwambia watumie tambara lolote, kile ni kumbukumbu ya fundi wake. Msasa akasema fundi wake alimfundisha kutomdanganya mtu atakayekitumia kitu, na hicho ndicho anachofanya. Mpaka kishikio cha mwisho kinafungwa ukutani, hariri ile ilikuwa imebaki kama utando wa buibui. Aliikunja akairudisha mfukoni.

Ukuta ulikuwa umegeuka kituko. Wenye rangi ya matope, mabaka, mikwaruzo. Mteja angeuona, Msasa angehama mji. Mjusi akashika kishikio cha kwanza, na kishikio kikamshika.

Hakupanda siku hiyo hiyo kama ndege, wala asije mtu akawaambia hivyo. Siku za mwanzo alikwenda hatua chache kutoka mlangoni akashuka. Bega liliuma, vidole vilichubuka, na alipofika pale ambapo mkono lazima uinuke juu ya kichwa, jasho lile la baridi lilimrudia akaganda. Mama mkwe alikuwa ameteremsha kiti chake Shimoni, amekaa na ufumaji wake, analinda magodoro, hivyo ndivyo alivyosema. Mjusi alikuwa ameganda pale, shavu limegusa mbao. Msasa amesimama chini yake mikono imefunguliwa. Ufumaji ukasimama.

“Panda, mwanangu,” mama mkwe alisema. “Niko hapa.”

Mkono ukainuka. Ukashika. Baadaye Mjusi alisema kwamba katika maneno yote aliyoambiwa tangu aanguke, na madaktari walimwambia mengi mazuri, hayo ndiyo aliyoyangoja bila kujua.

Wiki zikapita, mvua zikawa zinaelekea kwisha. Hatua zikawa ukuta mmoja, ukuta ukawa kona, kona ikawa chumba kizima. Jioni moja akapita sehemu ile inayoegemea, akafika chini ya dari, akaning'inia pale mgongo ukitazama godoro. Akatulia. Halafu sauti yake ikatoka huko juu, ile ya zamani, yenye kicheko ndani.

“Huku kuna utando wa buibui,” alisema, “na ninamwona Mjomba ana kipara.”

Mjomba hana kipara, ana paji la uso linaloendelea. Lakini hakubisha, kwa kuwa alimwona Msasa amekaa chini kwenye sakafu ya zege, amefumba macho, anasikiliza. Masimulizi yalikuwa yamerudi nyumbani. Msasa alisema asante, si kwa mtu fulani, na akaisema tena, na ndipo Mjomba, ambaye mdomo wake haujui likizo, alipokwenda kutazama makopo ya rangi kwa muda.

Siku ya majaribio Mjusi alipanda ukuta wa wenzake akashuka, akapanda tena bila kuombwa. Msimamizi akamkabidhi kamba yake. Na asubuhi aliyorudi kazini, Msasa na Mjomba walisimama upande wa pili wa barabara kumtazama. Jengo lilikuwa na ghorofa sitini, mawingu yamelikata kiunoni, na Mjusi akashuka kutoka kileleni kwa mkono mmoja, ndoo mkono wa pili. Akiwa katikati ukaja upepo, dhoruba kabisa, mabati yanaruka mjini kote. Yeye akageuza bega tu, akaungoja upite, akaendelea kufuta kioo. Na Msasa pale chini, mpwa wa Mjomba, damu moja, alisimama wima kama boriti, macho makavu, hakutikisika, hakutoa chozi hata moja, badala yake akapiga mluzi na kuwaambia wapita njia kwamba—

“Ghorofa kumi na mbili, Mjomba,” Msasa akasema kutoka mlangoni, akiyakatiza masimulizi ya Mjomba. “Na nililia. Tena begani kwako.”